Mzee Aliyeifuta Hamsini

Mnadishaji wetu wa kanisani alikuwa akianza kila kitu kwa shilingi hamsini. Mkungu wa ndizi, hamsini. Trei ya mayai, hamsini. Mwaka mmoja mtu alileta beberu wa shukrani baada ya kutoka salama hospitalini, na mzee akamshika pembe, akatutazama washarika wote kwa zamu, akasema kwa sauti ileile ya siku zote, "Hamsini. Nani anaongeza?" Watu walicheka, kama walivyocheka Jumapili iliyotangulia na nyingine kabla ya hiyo. Yeye hakucheka. Alisubiri.

Afadhali nieleze kwanza mnada wetu unavyokwenda, maana wageni hupotea hapo. Huku kwetu mlimani, juu ya Moshi, ibada ikiisha watu hutoka nje, na vile vilivyoletwa kama sadaka, ndizi, maziwa, kuku, maparachichi, huuzwa palepale uwanjani. Katika minada mingine anayetaja bei kubwa ndiye anayelipa, na wengine wanaondoka na hela zao. Kwetu sivyo. Kila anayeongeza anatumbukiza kwenye beseni kile alichoongeza, na hakirudi. Ukiongeza mia, mia yako imekwenda. Mnadishaji akiona panatosha anapiga kofi moja, na aliyeongeza wa mwisho kabla ya kofi ndiye anayebeba kitu. Ndiyo maana jogoo anaweza kukusanya elfu kumi na tano za watu ishirini, kisha akaondoka kwapani mwa bibi aliyetumbukiza mia moja tu.

Kwa hiyo kofi lile lilikuwa na nguvu kubwa, na kofi lilikuwa la mzee peke yake. Watu walilinung'unikia. Walisema anawapendelea wajane. Mimi nilikaa nikamchunguza Jumapili nyingi, kwa sababu nina duka la rejareja Njoro, Moshi mjini, na nimezoea kuwatazama watu mikono, na nakiri sikuuona mpango wake. Leo kofi linamwangukia mjane, sawa. Jumapili inayofuata linamwangukia mwenye mabasi, anapewa fungu la majani ya ng'ombe wakati hana hata mbuzi. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mkono ukichoka unapiga." Nikarudi mjini bila jibu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la kahawia ambalo mifuko yake ilikuwa imevutika hadi karibu na magoti kwa kubeba vitu. Siku za kazi alikuwa mtu wa kihamba chake, kahawa kidogo, migomba, ng'ombe mmoja wa ndani. Hakuongea sana siku hizo. Ungempita njiani ukamwamkia, akaitika marahaba yake, basi. Jumapili saa tano ndiyo ulimi ulifunguka, na saa saba ulishafungwa tena. Mke wake aliwahi kuniambia kwamba yeye mwenyewe huenda mnadani kumsikiliza mume wake akizungumza.

Kuhusu hela ndogo, sijui niseme alizipenda au alizichukia. Nimemwona akiinama kwenye tope la masika kuokota hamsini, akaifuta kwa pindo la koti, akaiweka mfukoni kwa adabu. Nimeona pia paa la banda lake la kuku. Chini ya kila msumari, mahali ambapo wengine huweka kipande cha mpira au kizibo cha soda, yeye aliweka sarafu. Zile za tano, za kumi, za ishirini, ambazo wenye maduka tuliacha kuzipokea zamani bila mtu yeyote kutuambia tuache. Alizitoboa kwa msumari na nyundo, moja moja. Nikamwambia, "Mzee, umeezeka kwa pesa." Akasema, "Hela haifi, mwanangu. Watu ndio wanaacha kuipokea." Sasa kama haifi, kwa nini anaitoboa? Nilitaka kumwuliza, nikaona nitachekwa.

Halafu kuna habari ya pipi, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Dukani kwangu sarafu ni taabu. Mtu anakuja na elfu, ananunua kitu cha mia tisa na hamsini, mimi sina hamsini ya kumrudishia. Nafanya kama wanavyofanya wote: nampa pipi. Mzee akishuka mjini alinunua kwangu sabuni na chumvi, na kila mara nilimpa pipi zake, naye alizipokea bila neno, akazitia kwenye ile mifuko ya koti. Nilidhani anawapelekea wajukuu. Jumapili moja, baada ya kuku na kabla ya maziwa, akatoa mfuko wa nailoni uliojaa pipi, akauinua juu. "Hii ni chenji yangu ya mwaka mzima," alisema. "Hamsini. Nani anaongeza?" Hakunitazama, lakini watu wote walinitazama. Niliongeza elfu tatu kwa mkupuo ili yaishe. Akapiga kofi upesi kuliko nilivyowahi kumwona akipiga, na nikashuka Moshi na pipi zangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nilijifunza. Nilianza kupanda mlimani na noti na kushuka na sarafu. Mnada ukiisha nilikwenda kwa mhazini wa usharika, namwachia noti za elfu kumi, ananihesabia mia na hamsini kutoka kwenye beseni. Yeye alifurahi kwa sababu mzigo unapungua, mimi nilifurahi kwa sababu wateja wangu hawaondoki na pipi. Wenye maduka wengine wawili watatu wakafanya vilevile. Kama kuna watu waliozihitaji zile sarafu za kanisani, ni sisi.

Sasa nimtaje mama yangu, maana bila yeye habari hii haieleweki.

Mama anaishi peke yake, juu zaidi ya kanisa, kwenye kihamba alichoachiwa na baba. Ana sukari, na ana kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo, ambacho anakwenda kusafishwa zahanati kila Alhamisi. Zahanati iko chini, ng'ambo ya daraja, na kilima cha kurudi si cha mchezo. Mimi ndiye ninayempa nauli ya bodaboda: elfu ya kushuka, elfu ya kupanda. Chakula nampa, dawa nampa. Kitu kimoja tu alikataa kwangu: hela ya mnada. Niliwahi kumtia noti mkononi pale uwanjani akanirudishia mbele za watu. "Yako utoe wewe," alisema. "Mimi nitatoa yangu."

Yake ilikuwa mia tatu. Kila Jumapili alikuja na sarafu tatu za mia, zimefungwa kwenye ncha ya kitenge, akazitumbukiza moja moja kwenye vitu vitatu tofauti, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Nilidhani ni za mayai, maana ana kuku. Nitasema ukweli: sikupenda kumwona. Mimi ni mtu wa duka, watu wananijua, na mama yangu anasimama pale anafungua fundo la kitenge atoe mia. Niliona kama kila mtu anajiuliza binti yake anamtunza vipi. Mara mbili kofi lilimpata, akaondoka na maziwa na siku nyingine na kuku, akafurahi kupita kiasi, nami nikazidi kuona aibu.

Ndipo ukaja mkutano wa baraza la wazee wa kanisa. Nami ni mjumbe, nilichaguliwa upande wa akina mama. Ajenda zilikuwa mabati na choo. Kwenye mengineyo, mnadishaji akasimama. Alikuwa hajawahi kusimama barazani. Akasema, kwa ile sauti ya siku za kazi ambayo lazima uinamishe sikio kuisikia, kwamba anaomba sarafu ndogo ziondolewe mnadani. Hamsini ife, mia ife, mia mbili ife. Kianzio kiwe mia tano, na kuongeza kuwe mia tano.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwenyekiti naye alimwomba arudie. Akarudia, na safari hii alitoa sababu. Sarafu zinatoboa mfuko. Mhazini anahesabu mpaka chakula kinapoa. Benki wanamsimamisha pembeni akienda na gunia la hela za chuma. Hata watoto siku hizi ukiwapa hamsini wanakutazama usoni. Zote zilikuwa sababu za kweli, na zote niliwahi kuzisikia kwa watu wengine. Kwake zilikaa kama nguo ya kuazima. Mhazini mwenyewe alisema, "Mzee, mimi sijalalamika." Mzee wa mtaa wa juu akauliza, "Na akina bibi?" Mnadishaji akasema, "Akina bibi wapumzike."

Neno hilo liliwaudhi wengine. Zilipigwa kura za kunyoosha mikono, na hesabu ikaja nusu kwa nusu, mkono wangu ukiwa bado chini. Wakanigeukia. Nikamtazama yule mzee. Hakunitazama mimi, alitazama kofia yake. Nikajiambia, mtu aliyeanza kila kitu kwa hamsini akisema hamsini ife, lazima anajua kitu nisichokijua. Na nikajiambia jambo jingine pia, chini kwa chini, kwamba mama hatasimama tena pale kufungua fundo. Nikanyoosha mkono. Nilipoteza chenji ya duka langu kwa mkono wangu mwenyewe, na nikaona nafuu.

Jumapili iliyofuata akasimama, akainua mkungu wa ndizi, akasema, "Mia tano. Nani anaongeza?" Hakuna aliyecheka. Mnada ulikwisha nusu saa kabla ya wakati wake. Waliobaki uwanjani walikuwa wachache, na fedha, kwa maneno ya mhazini, hazikupungua wala kuongezeka sana. Mama alitoka kanisani akapitia mlango wa pembeni, akaenda zake nyumbani. Akafanya hivyo Jumapili tatu. Nikampelekea chakula, nikamwuliza kama amekasirika. Akasema, "Kwa nini nikasirike? Kila nyumba ina mlango wake."

Baada ya Jumapili hizo tatu goti la mnadishaji lilimkataa. Aliacha mnada, akaacha na ibada, mchungaji akawa anampelekea chakula cha Bwana nyumbani. Kazi ikachukuliwa na mwinjilisti mwenye kipaza sauti, anayeongea haraka na kupiga kofi kila baada ya watu kumi bila kukosea.

Jumapili ya nne mama akarudi uwanjani. Alifungua kitenge akatoa sarafu ya mia tano, akaitumbukiza. Jumapili nyingine akatumbukiza mara mbili. Nilifurahi, jamani, nisidanganye. Nilimweleza hadi mteja wangu mmoja dukani: watu walisema wazee wataonewa, mbona mama yangu anatoa mia tano bila shida? Kidonda ndicho kilichoanza kunisumbua. Kilikuwa kimeanza kufunga, kisha kikafunguka tena, kikubwa kuliko mwanzo. Nesi akasema ni sukari. Nikaongeza pesa ya mboga za majani.

Mara ya mwisho niliyokaa na mnadishaji kwa mazungumzo ni siku nilipopanda kufuata ndizi za harusi ya jirani yangu wa Njoro. Nyumba yake iko kando ya barabara, upande wa juu wa daraja, kwa hiyo ukienda kwa mama lazima uipite. Alikuwa ameketi kibarazani, mguu mmoja kwenye kigoda. Koti lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma yake, likiwa tupu. Nikamwamkia, akaitika, mke wake akaniletea chai na sahani ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kilichobaki asubuhi.

Sikuwa nimepanga kumwuliza, lakini nilipomwona amekonda hivyo nikaogopa ataondoka na jibu. Nikamwambia, "Mzee, ile siku ya baraza. Nilinyoosha mkono kwa ajili yako, na mpaka leo sijui nilinyoosha kwa ajili ya nini."

Akasema, "Ulinyoosha kwa ajili ya mama yako."

"Mama yangu ameingiaje?"

Alinieleza polepole, akipumzika katikati. Alisema Alhamisi moja alimkuta mama darajani, ameketi kwenye kikuta cha pembeni, kiatu kimoja amekivua, bandeji imelowa. Akamwuliza kama hana nauli. Mama akasema anayo. Ndipo akamweleza anavyofanya: akitoka zahanati anatembea mpaka darajani, kutoka darajani ndipo anapanda bodaboda kwa mia saba. Katika ile elfu ya kupanda, mia tatu inabaki.

"Nikamwambia, lakini hiyo ni hela ya binti yako," mzee alisema. "Akanijibu, hela ya binti yangu nikiipandia ni yake. Nikiitembelea kwa miguu ni yangu."

Nilikiweka kikombe chini. Kumbe hazikuwa hela za mayai.

"Nikajua inakokwenda," aliendelea. "Mimi ndiye ninayeshika beseni. Kila Jumapili naziona zile mia tatu zinaingia, na mimi ndiye ninayeziita. Nikasema hamsini, yeye anafungua kitenge. Nilijaribu kumpigia kofi mapema, apate kitu aridhike, akaja na nyingine wiki iliyofuata."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungemkataza. Angejua ni mimi niliyesema, na angetembea bado, kwa siri. Nikaona dawa ni kuifuta ile hela yenyewe. Akikosa cha kuleta, atapanda pikipiki mpaka mlangoni kwake kama watu wengine. Atanuna kidogo, mguu utapona." Akaliweka sawa goti lake kwa mikono miwili. "Nilimwona zile Jumapili tatu akipita mlango wa pembeni. Iliniuma, lakini nikasema imefaulu."

Sikujua nimshukuru au nimlaumu. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, mama anatoa."

"Anatoa nini?"

"Mia tano. Tangu Jumapili ya nne. Siku nyingine anaongeza mara mbili."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Mke wake, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliacha.

"Mara mbili ni elfu," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Elfu ni kilima chote, mwanangu."

Nikaitazama barabara. Nilipanda kilima kile kwa gari kila Jumapili, sikuwahi kukiona kirefu namna ile. Mzee akauliza leo ni siku gani, ingawa nadhani alijua. Nikasema Alhamisi. Akaomba fimbo yake. Nikamwambia akae, akakataa, nikampa bega, tukashuka ngazi mbili za kibaraza kwa muda ambao ningefika darajani na kurudi. Tukasimama kando ya barabara juani. Bodaboda mbili zilipanda zikiwa na abiria, na kila mara nilitumaini ni yeye, na kila mara hakuwa yeye.

Alitokea kwenye kona ya chini, kwa miguu, akiwa ameshika upande wa majani. Alipiga hatua chache, akasimama, akapiga nyingine chache. Bodaboda tupu ikampita, ikapunguza mwendo, dereva akageuka kumwuliza. Mama akampungia mkono aende.

Mzee alisema maneno ya Kichagga ambayo hayakuwa ya kwangu.

Mama alipotufikia hakushtuka. Nilimwamkia akaitika. Akampa pole mzee kwa goti, akauliza tunafanya nini juani watu wazima. Bandeji ilikuwa imegeuka rangi. Mzee akamwuliza kama leo bodaboda hazipo.

"Zipo," alisema mama. "Zimejaa."

Ile tupu ilikuwa imegeuka juu na sasa ilikuwa ikirudi. Nikainyooshea mkono, ikasimama kando yetu. Nikamwambia mama apande, mimi ninalipa, si hela ya nauli yake, ni nyingine kabisa. Nikamwambia nitakwenda barazani, nitaomba mia irudi, hamsini irudi, chochote anachotaka. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono uliokuwa na joto la homa, akaniambia kwa upole, kama anavyoniambia nikiwa nimekosea kukata mkungu, "Usiniharibie Jumapili yangu."

Akaanza kupanda. Mzee akamfuata hatua mbili na fimbo yake, akashindwa, akasimama katikati ya barabara. Dereva akaniuliza tunakwenda au hatuendi. Nilimtazama mama, nikamtazama mzee.